Duka la Waya na Mtu wa Katikati

Wiki jana mliniacha nimekaa mbele ya mbuzi wa Tseikuru, natabasamu kama mtu aliyebarikiwa. Leo nawaambia tabasamu lile liliishia wapi.

Kwa aliyeokota gazeti leo kwa mara ya kwanza, nifupishe. Mimi ni Ndila, mjane, nyanya wa wajukuu. Shule niliiacha darasa la tatu. Sisi akina mama wa Kibwezi tunasuka viondo, vile vikapu vya mkonge, na baada ya ile mvua ya El Nino kikundi chetu kilifunguliwa duka ndani ya kompyuta. Mtu akiwa Ujerumani anaona kiondo kwenye kioo chake, anaagiza, na sisi tunatuma kwa posta. Kompyuta iko chumba cha nyuma cha duka la Hassan, kwa sababu Hassan ndiye mwenye simu, na duka letu linapita kwa waya ya simu. Ndiyo maana tukaliita duka la waya.

Aliyelijenga alitoka Nairobi, akachinjiwa kuku, akapigiwa makofi, akaenda zake. Duka likaanguka kabla mifupa ya kuku haijakauka. Oda zikapotea. Mama wa Uholanzi akaletewa kiondo cha mtu wa Kanada. Siku nyingine ukifungua unaona kioo cheupe tu, kama maziwa yaliyomwagika.

Hapo ndipo tulipompata Muthama, kijana wa Tseikuru aliyekuwa akitengeneza simu na redio hapa Kibwezi. Alilitazama duka letu, akatutazama sisi, akasema neno ambalo sijalisahau.

"Mama, nyinyi mlidhani mmejenga nyumba. Nyumba ikiezekwa, fundi anaenda kwao. Hii ni mbuzi. Siku umemleta nyumbani ndiyo kazi inaanza."

Tangu siku hiyo akawa anakuja kila Alhamisi. Wiki hii anapangusa vumbi na kuondoa viondo vilivyokwisha uzwa. Wiki ile anapunguza uzito wa picha, maana alisema mtu wa Ulaya akingoja picha moja ifunguke, chai yake inapoa na hamu yake pia. Kila mara alinakili duka zima kwenye diski, akanipa nikaweke mbali na panya.

Na kila mara aliniketisha kando yake, akaniuliza mikono iko mingapi mwezi huo. Nani amejifungua, nani yuko shambani, nani anauguza. Nikimwambia, anaupanua mlango wa duka au anaubana, ili lisiuze kile ambacho hatujaweza kusuka. Hiyo ndiyo ilikuwa siri ya kukua kwetu. Duka halikuanguka tena. Wanunuzi walirudi, wakaleta dada zao. Kalunde, mwenyekiti wetu, akajenga tangi la maji. Mimi nikaezeka mabati.

Kulikuwa na neno la siri la kufungulia duka kwa ndani. Tulilijua wawili tu, mimi na Muthama.

Halafu Muthama akampenda Mbinya, kitinda mimba wangu, ambaye anafundisha watoto wa nasari huko Kasikeu. Wazee wake wakaja na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa posa. Nikawapokea. Nikatabasamu.

Siku hiyo hiyo nilijifungia mlango kwa mkono wangu, na sikusikia hata komeo likilia.

*

Ninyi wa makabila mengine labda hamjui nthoni. Kwetu Ukambani, mbuzi wa ntheo wakishaingia zizini, mama wa binti na yule kijana hawakai tena chumba kimoja. Hawaitani majina. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Ni heshima, si chuki. Kuna mbuzi mwingine na blanketi, vitu ambavyo mkwe huleta baadaye ili wafunguliwe kusemezana, lakini hiyo huchukua muda wake, na mbuzi wa Tseikuru hawaji kwa simu.

Mchungaji wetu huhubiri kwamba mambo hayo ni ya zamani. Lakini mke wake mwenyewe, mkwe akipiga hodi, hutorokea dirishani.

Alhamisi iliyofuata niko kwa Hassan, nangoja kama kawaida, nikasikia kikohozi cha Muthama mlangoni. Nilitoka kwa nyuma, juu ya magunia ya sukari, leso imenianguka begani. Hassan akacheka mpaka akashika kaunta.

"Bi Ndila, unakimbia fundi ama unakimbia moto?"

Nilikuwa nimeona jambo ambalo sikuwa nimelifikiria mbele ya wale mbuzi. Sasa nani atamwambia fundi mikono iko mingapi?

Kalunde hajui kompyuta na haitaki, anasema inamuumiza macho. Mbinya yuko Kasikeu, anarudi shule zikifungwa. Ndipo akajitokeza Mulei.

Mulei ni mtoto wa ndugu wa marehemu mume wangu, kwa hivyo ni mtoto wangu. Alikuwa amerudi kutoka Nairobi baada ya kazi kuisha, na Hassan akampa kuendesha pikapu yake. Ni kijana wa viatu safi na sala ndefu. Alinijia nyumbani, akapokea uji kwa mikono miwili.

"Mwaitu," akaniita, yaani mama yetu, "usihangaike. Mimi nitakuwa mdomo wako kwa fundi, na mdomo wa fundi kwako."

Kikundi kizima kilishangilia. Kalunde akasema Mungu haachi watu wake. Mtu wa katikati ni jambo la kawaida kwetu, na nani bora kuliko mtoto wa nyumbani?

Ningejua, ningeuza mabati yangu nikanunue blanketi mwenyewe.

*

Mwanzoni mambo yalikwenda. Namwambia Mulei, Mulei anaenda, Mulei anarudi. Fundi anakusalimia. Fundi anasema duka liko imara.

Halafu siku moja, karibu na kuvuna mbaazi, akaja uso umekunjamana. Akasema fundi amebadilisha kitu ndani ya kompyuta, neno la siri likamponyoka kichwani, na anaona haya kuniuliza. Duka litalala limefungwa asipolipata.

Muthama angekuwa fundi tu, ningevaa viatu nikamuulize mwenyewe anasahauje neno alilolichagua yeye. Lakini sasa alikuwa mkwe. Nikajiambia ni aibu ya kijana, nisimwongezee.

Nikalisema neno lile sikioni mwa Mulei.

Akanishukuru, akaaga kwa maombi. Aliombea duka, akaombea mikono yetu. Kumbe mikono ndiyo iliyokuwa imekwisha kazi.

Baada ya hapo Mulei akaanza kuleta habari za kupoa. Oda zimepungua, akasema. Fundi anaomba akina mama wapumzike kidogo, wazungu wako likizo. Tukapumzika. Mwanamke wa kwetu akiambiwa apumzike hushuku kwanza, lakini mbaazi zilikuwa shambani zinapasuka, tukashukuru.

Lakini pikapu ya Hassan haikupumzika. Niliiona ikielekea posta imejaa magunia mpaka juu. Wiki iliyofuata niliiona tena. Nikauliza ni nini, nikaambiwa ni mizigo ya Hassan.

Hassan naye, siku nimeenda kununua chumvi, akaniambia simu za ng'ambo zimezidi. Mzungu mwanamke anapiga, sauti juu. Mulei anaipokea chumba cha nyuma, anafunga mlango, anaongea Kiingereza polepole kama mtu anayebembeleza mtoto.

"Kuna jambo, Bi Ndila?" Hassan akaniuliza.

Nikamwambia hakuna. Watu husema nina subira. Ni kweli ninayo, lakini nimeona ng'ombe wakifa huku mwenyewe akingoja wapone.

*

Kisha kiondo kikarudi.

Kilirudi kwa posta kutoka Ujerumani, kimefungwa vizuri, na Kalunde ndiye aliyekwenda kukichukua kwa sababu kilikuwa na jina lake. Sisi kila kiondo tunakifunga kipande cha ngozi chenye jina la msusi. Mnunuzi anapenda kujua ni mikono ya nani.

Kalunde akaniletea. Aliniwekea mapajani, akasimama kunitazama.

Niliingiza mkono nikagusa kitako. Kiondo chetu huanzia kitakoni, kwa vidole, na kila mwanamke ana mwanzo wake kama alivyo na sauti yake. Hiki hakikuwa na mwanzo. Kilikuwa kimeshonwa kwa mashine. Uzi wenyewe haukuwa mkonge, ulikuwa nailoni iliyopakwa rangi. Nilikinusa. Kilinuka kama ndala mpya.

Na ngozi ilisema Kalunde.

Kalunde akanionyesha mkono wake wa kulia, ule uliovimba tangu alipoanguka kisimani. Akaniambia hajasuka hata kitako kimoja tangu wakati huo. Nani basi anauza mkono wake ng'ambo, na mkono wenyewe hauwezi kushika kijiko?

Nikamwita Mulei. Nikampa kiondo akaulize kwa fundi. Alikigeuza, akakitazama sana, akatikisa kichwa kama mtu aliyefiwa. Kesho yake akarudi na jibu. Alikaa karibu nami, akashusha sauti.

"Mwaitu, ni vigumu kusema. Fundi amekiri. Anasema anatafuta za harusi. Anaomba usimwaibishe mbele ya kikundi, kwa ajili ya Mbinya."

Sikulia. Nilibaki na kile kiondo cha nailoni mkononi mpaka kuku wakaingia ndani wakidhani hakuna mtu.

Hebu fikiria. Mkwe wangu ni mwizi, na mimi ndiye niliyekula mbuzi wake. Nikisema, nimemvunjia binti yangu nyumba kabla haijawashwa moto. Nikinyamaza, duka la akina mama linaoza kutoka ndani, na wanunuzi waliotuamini wanavaa nailoni begani wakidhani ni Kalunde.

Mulei akaniambia nimwachie yeye. Nikamwachia.

*

Ijumaa asubuhi nilikwenda kuchukua mkonge kando ya shamba kubwa, pale njia inapopita katikati ya mistari. Mbele yangu nikaona mtu anakuja. Nilimjua kwa mwendo. Muthama.

Nikavuta leso kichwani, nikangoja aingie pembeni, maana kijana ndiye anayepaswa kupisha. Hakupisha. Alisimama katikati ya njia.

Nikaona basi, huyu amekwisha kuwa mwizi, sasa amekuwa na ujeuri pia. Nikaingia mimi kwenye mkonge. Miiba ikanishika sketi.

Halafu nikasikia anaongea. Nilichungulia. Alikuwa amenigeuzia mgongo, amesimama mbele ya mkonge mmoja mkubwa, kofia mkononi, kama mtu aliye mbele ya chifu.

"Wewe mkonge," akasema, "mimi ni mtu wa Tseikuru, sivunji nthoni. Sisemi na mtu yeyote. Nasema na wewe."

Nikaacha kunasua sketi.

"Kama yuko anayekusikia, mwambie hivi. Nilipoambiwa nisikanyage tena kwa Hassan, nilitii. Sikuuliza kosa. Lakini leo nimepigiwa simu na ile ofisi ya Nairobi inayolilaza duka letu ndani ya kompyuta zao, na siwezi kunyamaza."

Nilitazama huku na huku. Hapakuwa na mtu. Nikamgeuzia mgongo nami, nikajitafutia mkonge wangu.

"Na wewe mkonge wa kwangu," nikasema, "muulize huyo jirani yako ni nani aliyemkataza kukanyaga."

"Ni Mulei. Alisema ni neno la mama mwenyewe, na kwamba mama hataki niulize wengine. Ilikuwa wakati wa mbaazi."

"Mwambie mama hajatoa neno kama hilo. Mama anaambiwa kila wiki kwamba fundi anakuja Alhamisi. Tena anaambiwa vile viondo vya nailoni ni vya fundi, na fundi amekiri."

Upepo ukapita.

"Mkonge," akasema Muthama pole pole, "hebu rudia hapo kwa nailoni."

Nikarudia. Nikaueleza mkonge kila kitu, kiondo cha Kalunde, magunia, simu za ng'ambo. Na nikauambia kuhusu neno la siri, namna fundi alivyolisahau nikamtumia.

"Mimi sikulisahau," akasema. "Ni jina la mbuzi aliyenisomesha. Mtu hasahau jina hilo."

Sote wawili tukabaki tumepeana mgongo, kila mmoja na mkonge wake. Mtu angepita angesema wazimu umeingia ukoo ule kabla hata ya harusi.

Ndipo akaeleza simu ya Nairobi. Kuna mtu ameingia dukani kwa neno la siri, akaagiza duka lihamishwe kwa jina lake peke yake. Jina lenyewe ni Mulei. Jina la kikundi linafutwa kwa ndani tu. Kwa nje majina yetu na picha zetu zinabaki, ili mnunuzi asijue. Lakini Muthama alipolifufua duka, alikuwa ameandikisha kwenye ile ofisi kwamba wenyewe ni wawili, mimi na yeye. Kwa hivyo wakapiga simu kuuliza kabla ya kufanya.

"Wamesema nini cha mwisho?" nikauuliza mkonge.

"Wale wawili waje wenyewe leo na vitambulisho, kabla hawajafunga ofisi. Wasipokuja, Jumatatu duka ni la Mulei, na hakuna fundi wa kulirudisha. Hata mimi."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, mezani, pamoja."

Mama mkwe na mkwe, bega kwa bega, mbele ya karani. Hakuna mbuzi, hakuna blanketi. Huko kwao Tseikuru wakisikia, posa imevunjika, na Mbinya ataandikwa midomoni mwa watu mpaka azeeke.

Nilifikiria. Kisha nikauambia mkonge kwamba mama anakwenda kuchukua kitambulisho, na wakutane kwa kituo cha basi. Atakaa mbele, fundi akae nyuma kabisa. Mezani watajua mbele ya safari.

Nikasikia hatua zake zikiondoka. Hakugeuka. Kijana wa watu, hata wakati huo hakugeuka.

*

Kalunde ndiye aliyenikuta nikifunga mlango. Kitambulisho nilikiweka kifuani, na Kalunde akaona ninavyokishikilia. Akaniuliza ninakwenda wapi bila kunywa chai.

Nikamwambia ninakwenda Nairobi kwa ajili ya duka, na fundi atakuwepo. Zaidi ya hapo sikusema.

Alishika kichwa kwa ule mkono mzima.

"Wewe na mkwe wako, safari moja? Nani yuko katikati?"

"Hakuna."

"Ndila, umekuwa mgonjwa? Hata akina mama wanaouza ndizi stendi watatuimbia."

Nilitaka kumwambia. Lakini ningesema nimeambiwa na nani? Na Muthama? Basi nimesemezana na mkwe, vichakani, tukiwa wawili. Niseme nimeambiwa na mkonge? Nikamwambia tu kwamba kuna haraka, na nitamweleza nikirudi.

Kalunde ana moyo mzuri. Yote yaliyofuata yalitoka kwa moyo huo mzuri. Alinisindikiza mpaka kituoni, na njiani alipotelea kwa Hassan dakika chache, akasema anatafuta sukari.

Kituoni nikaambiwa basi la asubuhi limepita. Linalofuata linatoka Mombasa, na likifika Nairobi karani atakuwa amekwisha kwenda kwake. Muthama alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara, chini ya ukuta wa kinu, amegeuza uso. Nilimwona mabega yakishuka. Alikuwa amesikia.

Ndipo pikapu ya Hassan ikaja, taratibu, ikasimama mbele yangu.

Mulei akashuka. Viatu viling'aa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwaitu, unasafiri na mimi sijui? Kalunde ndiye ameniambia. Si nilisema mimi ni mdomo wako? Nairobi ni mbali, na huyu ni mkwe. Lazima awepo mtu wa katikati. Nitawapeleka mimi."

Kalunde alikuwa nyuma yake, anatabasamu. Akina mama wa ndizi wakaitikia, hiyo ndiyo heshima, kijana amelelewa. Mmoja akaniambia nimshukuru Mungu kwa mtoto kama huyo.

Nilimtazama Mulei machoni. Hayakuwa macho ya mtu asiyejua. Alijua ninakwenda wapi na kwa nini, na alijua siwezi kusema mbele ya watu wale.

"Mulei," nikaanza, "kile kiondo cha Kalunde..."

"Tutaongea njiani, Mwaitu. Ofisi hazingoji."

Hata ofisi aliijua.

Nikapima. Nisipopanda, Jumatatu duka limekwenda, na mikono ya akina mama wote imekwenda nalo. Nikipanda, walau gari linakwenda upande wa Nairobi, mchana kweupe, barabara imejaa malori, na Muthama yuko. Watatu si wawili.

Mulei alikuwa amekwisha kumwita kwa mkono.

"Shemeji, panda nyuma. Mama hawezi kukaa na wewe huku mbele, unajua mwenyewe."

Muthama alivuka barabara, macho chini. Nilidhani atakataa. Nilidhani atasema kitu, hata kwa tairi, hata kwa nguzo ya simu. Alipanda nyuma juu ya magunia, akakaa. Magunia yale yalikuwa na ile harufu ya ndala mpya.

Nikapanda mbele. Kalunde akanifungia mlango kwa nje, akaupiga kofi kuhakikisha umeshika.

*

Kutoka mjini mpaka barabara kuu si mbali. Mulei aliendesha vizuri, bila haraka, akimpungia mkono kila mtu anayemjua. Nyuma ya kichwa changu kulikuwa na kioo kidogo, na nyuma ya kioo alikuwa Muthama. Karibu hivyo, na nisingeweza kumwambia hata pole.

"Mwaitu," Mulei akasema, "unajua duka likiwa dogo, watu wengi wanaweza kulishika. Likikua linataka mwenyewe mmoja. Hiyo si dhambi. Ni biashara."

"Kuuza jina la Kalunde ni biashara?"

"Wazungu hawamjui Kalunde. Wanajua picha."

"Na fundi? Ulimsingizia wizi mbele ya mama mkwe wake."

Hakukasirika. Alicheka kidogo, vile mtu anavyomcheka mtoto aliyeuliza mwezi hulala wapi.

"Fundi," akasema. "Wewe unamjua fundi kwa mgongo tu, Mwaitu. Tangu wale mbuzi waingie kwako, umewahi kumwona uso?"

Tukafika barabara kuu. Mtu wa kwetu hahitaji kibao pale. Upande wa Makindu ndio wa Nairobi. Upande wa Mtito Andei ndio wa Mombasa, na katikati hapo ni pori tu na tembo.

Mulei akasimama, akapisha lori, akatazama huku na huku kama dereva mzuri.

Akageuza upande wa Mtito.

"Mulei, Nairobi iko nyuma yetu."

"Najua Nairobi iko wapi. Nimeishi huko."

Akaongeza mwendo. Nyumba za mwisho zikapita. Nilishika mlango, ukawa mgumu, komeo halisogei. Nikageuka kwa nguvu zangu zote za uzee kwenye kile kioo cha nyuma, nimgongee Muthama, nthoni ikafie mbali, nimwite kwa jina lake.

Mkwe wa kwetu hamtazami mama mkwe machoni. Muthama alikuwa ananitazama. Uso ulikuwa karibu na kioo, macho hayapepesi, na sijui alikuwa amenitazama hivyo tangu lini.

Nikainua ngumi nigonge.

Akaweka kidole mdomoni, akatikisa kichwa.